Salamu Kati ya Majengo na Kilema

Siku ya kwanza alipoingia ofisini kwetu Majengo, yule mkuu mpya wa mtandao aliyeletwa kutoka Dar alinipiga bega akasema, "Mambo vipi, Mangi!" Mimi nina miaka hamsini na mbili. Yeye alikuwa na thelathini, labda na moja, na ndevu zilizochongwa kama michongoma ya kanisani. Huko alikotoka kila Mchagga ni Mangi, awe na duka asiwe nalo. Nilimtazama, nikasubiri shikamoo yangu. Haikuja. Nikageukia waya zangu, na kuanzia asubuhi ile sikumsemesha tena.

Nakiri nilimdharau kabla hajawasha kompyuta. Mtu amekuja kwenye nchi ya kahawa amebeba kahawa yake ya unga kwenye pakiti! Amevaa viatu vyeupe, kwenye mji ambao ukipiga hatua tatu mvua ikinyesha umeshapakwa tope mpaka magotini. Vyeti vyake vinne alivitundika ukutani juu ya meza yake, akawa anavifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani. Na yeye alinidharau vilevile, tena waziwazi. Mimi sina digrii, nilianza kazi hii kwa kupanda minara na kuvuta waya juani. Alimwambia dada wa mapokezi kwamba bosi hawezi kuamkia vibarua, na dada yule alinifikishia maneno hayo kabla hayajapoa.

Basi tukawa tunafanya kazi kwa daftari. Yeye anaandika maagizo kwa Kiingereza, mimi najibu kwa Kiswahili, kwa makusudi kabisa, na kile kigumu kigumu cha taarifa ya habari. Daftari lilikaa mezani kwa dada wa mapokezi. Alikuwa analisoma, anaguna, analisukuma upande wa pili.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, inauza intaneti kwa maduka ya mjini na kwa watu wa milimani. Ruta moja, kile chombo cha kupangia intaneti njia, ilikuwa pale ofisini Majengo. Nyingine ilikuwa Kilema, kijijini kwetu mlimani, kwenye kibanda chini ya mnara, mwendo wa dakika tano kutoka kihamba cha mama yangu, shamba la migomba lenye nyumba yake. Zote mbili nilizifunga mimi kwa mikono hii, na nywila ya ile ya Kilema nilikuwa nayo mimi peke yangu. Kutoka mnarani nilivuta mtandao mpaka sebuleni kwa Mama, na mtandao huo haukuwa wa anasa.

Mama yangu ni mtu mzima sana, na akili yake siku hizi ina saa zake. Saa nne asubuhi, akishamaliza maziwa yake, yuko safi, anakuuliza hata bei ya mbolea. Adhuhuri akili imeshaondoka. Kitinda mimba wake, mdogo wangu wa kike, yuko Ulaya anaogesha wazee wa watu kwa mshahara, na kila siku saa nne hiyohiyo alikuwa anapiga simu ya picha kwenye tableti niliyoipigilia ukutani kwa Mama, karibu na Bikira Maria. Simu ya kawaida haikufaa. Bondeni kwetu inashika kwa bahati, na masikio ya Mama yamefunga, anachotaka ni kuona uso. Mdogo wangu akikosa siku moja, kesho yake Mama anamkodolea macho kidogo kabla ya kumtambua. Aliwahi kuumwa akakosa siku mbili, tukahangaika nusu saa kumkumbusha. Mdogo wangu aliniambia siku ile, "Kaka, naomba huo mtandao usikatike. Akinisahau mimi nimekwisha." Kwa hiyo asije mtu akasema sikujua.

Sasa nieleze hizo ruta, maana wengi wanadhani intaneti inatoka angani kama mvua. Ruta haijui njia za dunia kwa kuzaliwa. Inajua majirani zake tu, na ujirani wenyewe unaanza kwa salamu. Kila baada ya sekunde kadhaa inapaza sauti kwenye waya au hewani: mimi ni fulani, na wengine ninaowasikia ni hawa. Ile nyingine nayo inapaza yake. Siku ukisikia jina lako limetajwa ndani ya salamu ya mwenzio, hapo unajua mnasikizana, si wewe peke yako unayebwabwaja. Lakini haitoshi. Lazima pia mkubaliane salamu ni kila baada ya muda gani, na ukimya wa muda gani uhesabiwe kuwa mwenzio amekufa. Mkitofautiana hata kwa sekunde moja, ujirani hakuna. Zinasikiana vizuri tu, halafu kila moja inaitupa salamu ya mwenzake kana kwamba haikuja.

Zikikubaliana, ile yenye namba kubwa ya utambulisho inaongoza mazungumzo. Haiulizi nani ana cheti wala nani amezaliwa mwaka gani. Zinaonyeshana orodha ya njia zote zinazozijua, zinaombana zile zinazokosekana, mpaka zote mbili zina ramani moja. Baada ya hapo ni salamu tu. Mwenzio akinyamaza kupita ule muda mliokubaliana, unamfuta, unawatangazia majirani wote, na kila mmoja anachora njia zake upya bila yeye. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na nakwambia vyuma vile vina adabu kuliko watu wawili waliokuwa wamekaa chumba kimoja Majengo.

Kiwandani zinakuja na salamu ya kila sekunde kumi na kifo cha sekunde arobaini. Mimi nilikuwa nimeweka thelathini na mia na ishirini, pande zote mbili. Nilikuwa na sababu. Mlimani kwetu ukungu na mvua vikishuka pamoja, salamu mbili tatu zinapotea njiani, na sikutaka ruta ya watu itangaze msiba kwa ajili ya manyunyu. Yule bwana wa viatu vyeupe aliziona namba zangu siku ya Jumatatu. Akacheka kwa sauti mbele ya wateja. "Nani kaweka hii kitu? Hii ni ruta au bibi anayesubiri posta?" Papo hapo akarudisha ya Majengo kuwa kumi na arobaini. Kisha akataka kuingia ya Kilema abadilishe na huko, ikamdai nywila.

Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake. Nilisikia vidole vyake vinajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kilema ikatoweka kwenye skrini. Ilikuwa saa nne kasoro. Angegeuka tu aseme, "Mzee, shikamoo, naomba unisaidie," ningemaliza kazi kwa dakika mbili. Hakugeuka. Na mimi nikajitia hamnazo, nikaendelea kumenya waya ambao hata haukuhitaji kumenywa. Nilijisemea, siku moja tu, Mama hatasahau kwa siku moja. Aisee, niliona raha! Nilikuwa nasikia pumzi yake inavyopanda, nikawa naona raha kabisa.

Jumanne nilisubiri tena. Aliandika kwenye daftari kwamba kifaa cha Kilema "kina kasoro" na mhusika achukue hatua. Mhusika! Nikaandika chini yake kwamba kifaa hakina kasoro, kasoro ina ndevu. Dada wa mapokezi aliguna kwa nguvu siku ile. Saa nne ikapita, na mimi nilikuwa bado nasubiri neno moja kutoka kwa mtoto wa watu.

Jumatano roho iliniuma. Nilipanda Kilema asubuhi na mapema, kwanza kwa Mama. Alikuwa anakunywa maziwa, akili yake ipo, amekaa amekabili ile tableti nyeusi.

"Mtoto hajanisalimia," akaniambia.

"Ni mtandao tu, Mama. Umekatika."

"Siku mbili hajanisalimia. Ana nini?"

"Hana kitu. Leo leo utamwona."

Akanitazama kama mtu anayetazama muuza dawa wa mnadani. Nikaenda kibandani. Mvua ilikuwa inapiga bati, ukungu umeingia mpaka mlangoni. Nilitukana peke yangu mle ndani, kisha nikashusha kiburi: nikabadilisha namba za Kilema ziwe kumi na arobaini, zilingane na zake. Nilishindwa, lakini nilishindwa mahali ambapo hakuna anayeniona, na hiyo ilinifariji. Sikusubiri hata kuangalia kama ujirani umerudi. Mtu wa miaka yangu ahakikishe nini, kazi ninayoijua hivi? Nikafunga mlango nikashuka mjini, kuna mteja alikuwa anapiga kelele karibu na hospitali ya Mawenzi. Sikupita hata kumuaga Mama.

Kumbe saa ileile, Majengo, wateja walikuwa wamemzonga yule bwana, na yeye akashusha kiburi chake kwa njia yangu hiyohiyo. Bila kumwambia mtu, akarudisha ruta ya Majengo kwenye namba zangu za mwanzo, thelathini na mia na ishirini. Akafunga kompyuta akaenda kula chipsi. Kwa hiyo yeye amehamia kwangu, mimi nimehamia kwake, tumepishana njiani, na ruta zinatupiana salamu mvuani bila kupokeana.

Jioni niliona Kilema bado haipo, nikaamini amenifanyia makusudi. Yeye naye, nilikuja kujua, aliamini hivyohivyo juu yangu. Nililala na hasira zangu.

Alhamisi niliingia ofisini nimejiandaa kwa ugomvi. Nikawasha kompyuta niuone uhuni wake, nikaukuta mstari mmoja tu: mwenzako ana arobaini, wewe una mia na ishirini. Nikausoma mara mbili. Nikainua kichwa, nikamkuta amesimama nyuma yangu na kikombe chake, anausoma pia. Masikio yalimwiva. Dada wa mapokezi alikuja kuchungulia, akatutazama mmoja mmoja. "Hee! Yaani wanaume wazima, mmekaa chumba kimoja siku nne, hamna midomo?"

Yule bwana akasema polepole, "Nirudishe mimi au urudishe wewe?"

"Acha ya Majengo kama ilivyo," nikamwambia. "Narudisha mimi." Nikaingia ruta ya Kilema palepale kwa nywila yangu, nikairudisha thelathini na mia na ishirini. Katika dakika mbili hivi zikaamkiana, zikapanga nani anaongoza, zikabadilishana ramani, zikawa majirani kamili. Siku nne zote zilikuwa dakika mbili. Yule bwana akaniambia pole, na kwa mara ya kwanza akaniita mzee. Nilikuwa nimeshachukua pikipiki. Nilimtumia mdogo wangu ujumbe nikiwa njiani: piga saa nne, nitakuwepo.

Kona ya mwisho kabla ya kihamba niliona mabenchi uani kwa Mama. Mabenchi ya kanisani, yale ya misiba. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamekaa na rozari, wengine wamekuja na maziwa, na mikungu miwili ya ndizi ilikuwa imeegeshwa ukutani. Nikajua Mama amekwenda. Lakini Mama alikuwa amekaa katikati yao, amefunga khanga kichwani, macho yamemvimba.

Jirani yetu, mama anayemtunza nikiwa mjini, alinivuta pembeni. "Tangu jana mchana anasema mtoto wake wa mwisho amekufa. Ametuma watu nyumba kwa nyumba. Tulimwambia siyo, akasema mnanificha. Analia kweli, baba. Tungefanyaje? Tumekuja kukaa naye."

"Sasa atamwona," nikasema. "Mtandao umerudi."

Saa nne tableti ikaita. Nilimshika Mama mkono nikampeleka sebuleni, wanawake wakatufuata wakajaa mlangoni. Nikabonyeza. Uso wa mdogo wangu ukajaa kioo chote, safi kabisa, haukatikikatiki hata kidogo.

"Mama! Mama yangu, ni mimi!"

Mama akasogea. Ilikuwa saa yake nzuri, akili ilikuwepo yote. Alimtazama muda mrefu, kwa upole, akajifuta pua kwa ncha ya khanga.

"Asante sana kwa kuja," akamwambia. "Umetoka mbali?"

"Mama, ni mimi mwanao! Niangalie!"

"Unafanana naye," Mama akasema. "Mlikuwa mnafanya kazi pamoja? Alikuwa mtoto mzuri, kila siku ananisalimia. Sisi tumeshamlia." Mdogo wangu alijifunika uso kwa mikono miwili, na nyuma yake nikaona kitanda cha mzee wa watu, na mzee mwenyewe amelala anasubiri kuogeshwa.

Mama akanigeukia. Alikuwa amekasirika kidogo, kama zamani nilipokuwa nasahau kukata majani ya ng'ombe.

"Na wewe umesimama tu? Mpe mgeni kiti."

Nikaenda uani nikaleta kiti, nikakiweka mbele ya ukuta.