Mbao za Mzee Anakleti

Nyuma ya bweni letu chuoni kulikuwa na fundi seremala aliyeranda mbao za mkaratusi tangu asubuhi. Mvua ikinyesha, harufu ya maranda mabichi ilipanda mpaka ghorofa ya pili, kali na tamu kidogo, kama dawa ya kifua. Wenzangu waliipenda. Mimi nilifunga dirisha. Harufu hiyo ilinirudisha Kiruruma, kijijini kwetu, kwenye mteremko wa nyuma ya duka la Mzee Anakleti, Jumapili ile kijiji kizima kilipokaa juani kumwangalia Ndayizeye.

Nilikuwa darasa la nne. Vita vya Amin vilikuwa vimepita, lakini dukani kulibaki viberiti, chumvi na maneno tu. Mzee Anakleti ndiye aliyekuwa tajiri wetu. Alikuwa na lori la kubebea kahawa, duka, na mbao nyingi za mkaratusi alizopasuliwa kwa ajili ya nyumba mpya. Mbao zile zilikaa zimepangwa uani mwake kwa muda mrefu hivi kwamba kuku walizihesabu kuwa kwao.

Ukutani dukani alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti la Kizungu uliokuja umefungia sabuni. Ulikuwa na picha ya gari la zamani, jembamba kama jeneza lenye magurudumu, likipita kwenye barabara iliyoinuka upande mmoja kama ukingo wa bakuli. Ukiikaribia picha uliona kwamba barabara yote ilikuwa mbao. Mzee Anakleti alipenda kuieleza.

"Huko Marekani," alisema, "mwanzoni magari yalishindana juu ya mbao. Hakuna vumbi, hakuna tope. Wazungu wana akili."

"Na mbao zikioza?" niliuliza. Nilikuwa nimetumwa chumvi.

"Wee Adventina, mwambie baba yako akuoze mapema, ndoa itakufunga mdomo."

Watu walicheka. Nyumbani waliniita Hakimu kwa sababu ya maswali yangu, na haikuwa sifa.

Siku moja utingo wa lori lake aliacha kazi akaenda Mwanza. Vijana wote wa Kiruruma walilala wakiota nafasi ile. Utingo alikula safarini, alivaa kofia, aliifahamu Bukoba. Zaidi ya wote aliyeitaka ni Ndayizeye, mtoto wa vibarua kutoka Burundi waliokaa kwenye banda mwisho wa kibanja cha migomba cha Mzee Anakleti. Baba yake alipalilia migomba ya watu. Mama yake alichuma kahawa ya watu. Ndayizeye alizaliwa pale pale kijijini, alibatizwa parokiani kwetu, na Kinyambo chake, lugha yetu, kilikuwa safi kuliko cha padri. Lakini hakuwa na hata mgomba mmoja wa kurithi. Kwa kijana wa namna hiyo lori lilikuwa njia pekee ya kutopalilia migomba ya watu mpaka kufa. Mwingine aliyeitaka sana ni binamu yangu Projesti, mvivu mwenye meno mazuri.

Mzee Anakleti hakutaka kuchagua kimya kimya. Aliangalia picha yake ukutani akapata wazo. Vijana wetu walikuwa na baiskeli za mti, zile zenye magurudumu ya kuchonga, ambazo hupanda mlima kwa kusukumwa zikiwa na mikungu ya ndizi na kuteremka zikiwa na mtu aliyekosa akili. Akasema atatandika mbao zake mteremkoni, na kona yake iinuliwe upande mmoja kama ya Marekani. Vijana watateremka mmoja mmoja, na atakayefika mbali zaidi kule chini ndiye utingo.

Jambo moja tu alikataza: misumari. Mbao zilikuwa za nyumba, na hakutaka paa lenye matundu. Basi zikafungwa kwa kamba za migomba, kama tunavyofunga kila kitu kwetu, kuanzia kuni hadi mlango wa choo. Baba yake Ndayizeye na vibarua wenzake walizifunga Jumapili alfajiri, kamba zikiwa bado mbichi na laini. Nilipopita kwenda misani nilikanyaga ubao mmoja wa konani kwa mguu. Haukutikisika.

Misa ile ilikuwa ndefu. Padri alihubiri juu ya uvumilivu mpaka tukauhitaji. Tulipotoka jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa, kali, na watu walikwenda moja kwa moja kutafuta mahali pa kukaa. Hapo niliona jambo nisilolielewa. Juu, mwanzo wa mbao, kulikuwa na kivuli kizuri cha migomba, lakini hakuna aliyekaa huko. Wote walikwenda konani, juani, wakabanana. Mama yangu alijifunika kanga kichwani na kusukumana na jirani ili apate mahali pa mbele. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilizunguka kwenye vibuyu.

"Mama, huku jua linaunguza," nilisema.

"Kaa. Huku ndiko kuna kuona."

Juu kule vijana walikuwa wamepanga mstari na baiskeli zao, magurudumu yamepakwa maganda ya ndizi mbivu ili yateleze. Projesti ndiye aliyekuwa wa kwanza. Lakini baba yake, yaani baba yangu mkubwa, akasimama akainua mkono.

"Jamani, tuna adabu sisi," alisema kwa sauti ya kanisani. "Mgeni atangulie."

"Kweli kabisa!" watu waliitikia. "Mgeni kwanza!"

Nilijisikia vizuri. Kwetu mgeni ndiye anayenawa kwanza, ndiye anayepakuliwa kwanza, na nilifurahi kwamba hata katika mashindano hatukusahau malezi. Sikujiuliza, mimi Hakimu, kijana aliyezaliwa pale amekuwa mgeni tangu lini. Ndayizeye mwenyewe alitabasamu. Alisogeza baiskeli yake mbele ya ile ya Projesti, akasema, "Asanteni, wazee wangu." Baba yake alikuwa ameanza kupanda kuelekea konani, akiinama kushika kamba.

"Wee, toka hapo!" Mzee Anakleti alimfokea. "Unawaziba watu."

"Waitu, mzee wangu, nilitaka kuzikaza tu kidogo."

"Toka, nimesema!"

Akatoka.

Ndayizeye aliteremka vizuri. Sijaona tena kitu cha mti kikienda vile. Magurudumu yalinguruma juu ya mbao kama lori lenyewe, alilala kifudifudi juu ya usukani, na nadhani mpaka nusu ya njia alikuwa tayari ameajiriwa. Kisha akaingia konani. Ubao wa kwanza ulipinduka kama kifuniko cha sufuria. Wa pili ulipasuka. Baiskeli ikaruka juu ya ukingo, na yeye akaangukia kwenye ule uliopasuka.

Watu walicheka. Nataka mnisikie vizuri: hawakupiga kelele za hofu, walicheka, kile kicheko cha watu walioletewa chakula walichoagiza. Mtu alisema, "Utingo kashuka kabla ya kituo!" wakacheka upya. Mzee Anakleti alikimbia, akashika ubao, akaugeuza huku na huku. "Ubao wangu!" alisema. "Tazama ubao wangu!"

Kipande cha ubao huo kilikuwa kimeingia chini ya goti la Ndayizeye na kutokea upande wa pili. Alijikokota mpaka kwenye baiskeli yake, akaisimamisha, akamwangalia tajiri.

"Mzee, naruhusiwa kuanza upya?"

"Kwa mguu huo? Utapandaje lori, mwanangu?"

Baba yake alimlaza kwenye baiskeli ile ile na kumsukuma mpaka zahanati ya Bugene. Mbao zikafunguliwa. Projesti hakuteremka, ilionekana hakuna haja. Jumatatu alivaa kofia ya utingo. Goti la Ndayizeye halikukunjika tena, na alipopona alirudi kupalilia migomba ya watu, mguu mmoja ameunyoosha pembeni.

Miaka baadaye, maktabani chuoni, nilikuta kitabu kuhusu magari ya zamani kikiwa na picha za barabara zile. Zilikuwa kweli. Walizijenga kwa mbao ubavu kwa ubavu, kona zimeinuka mno, na mbao zilioza haraka kwa mvua na mafuta. Vibanzi viliruka na kuwachoma madereva usoni. Mafundi waliingia chini kuziba matundu huku magari yakipita juu ya vichwa vyao. Madereva walikufa, na majukwaa yaliendelea kujaa. Niliangalia nyuso za watu wale majukwaani, wanaume wenye kofia, wanawake wenye glavu, na nikatambua namna walivyokaa.

Likizo ile nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi. Nilimwamkia, nikachukua kisu, nikakaa naye. Nikamuuliza kama siku ile walijua kwamba kamba zitalegea.

"Kamba ya mgomba ukiifunga mbichi, jua likiipiga inalegea," alisema. "Nani hapa hajui?"

"Na ile ya kumtanguliza mgeni?"

Mama aliacha kumenya. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeona chuo kimemwibia mtoto akili.

"Sasa, Adventina, ulitaka tumtangulize Projesti?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mama yule yule aliyenibeba mgongoni nilipougua surua, akatembea mvua ikimnyeshea mpaka hospitali. Nilijua kabisa kwamba kama ningekuwa mimi ndiye wa kuteremka siku ile, angesimama mbele ya watu wote, kabla hata ya baba mkubwa, akamtafuta mgeni.