Rangi ya Viatu Kwenye Bunduki ya Marehemu

Kisa hiki nilikuwa nimeapa nitakufa nacho, na hata sasa nikikitaja nahisi masikio yanawaka, lakini kwa kuwa Zuhura ameshawapa nusu yake (ile nusu ya kunicheka), afadhali mpate yote kutoka kwangu mwenyewe. Mimi Wafula, mtu mzima mwenye mke na mtoto, niliaibika mbele ya wazee wa ukoo mzima kule Riyadh, tena kwenye harusi, na mjue kwamba aibu yenyewe ilikuwa afadhali, kilichonimaliza ni woga.

Mnajua mimi ni dereva pale Al-Rawdah, Jeddah, na kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, ambaye sote nyumbani tunamwita Baba, ni mtu wa maneno machache. Baba yake mzazi alikuwa mwanajeshi, na alipofariki aliacha bunduki yake ya zamani, ndefu, nzito, mbao yake imekauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Baba alitaka kuibadilisha iwe ya kuwindia, yaani akate mtutu uwe mfupi, atoe ile mbao aweke kitako cha plastiki, na juu afunge darubini. Kaka yake mkubwa anayekaa Riyadh alikuwa amesema kwa simu kwamba atakayeikata asimwite tena ndugu. Basi ikawa wiki nzima nyumba imenuna kwa ajili ya kitu ambacho hakijafyatuliwa tangu Baba akiwa mtoto.

Siku moja akaniita sebuleni, bunduki imelala kwenye zulia, akaniuliza kama nazijua bunduki. Sasa ngoja niwaambie hali yangu siku hiyo. Binti yangu Nekesa alizaliwa nikiwa huku, nilikuwa namjua kwa simu tu, na Baba alikuwa amesema suala la likizo yangu tutaliongea baada ya harusi ya mpwa wake huko Riyadh, kwa hiyo kila alichoniuliza nilikuwa nataka kumpendeza. Nikasema, "Aiwa, Baba." Ndiyo, neno moja tu. (Kazi yangu kabla ya kuja huku ilikuwa kulinda geti la ghala la mahindi Eldoret, na silaha yangu ilikuwa rungu na filimbi.)

Akauliza, "Nikate au niache?"

Jamani, huo ulikuwa mtego. Nikisema akate na ikaharibika, ni mimi. Nikisema aache naye anataka kukata, bado ni mimi. Nikaigongagonga ile mbao kwa vidole vile mtu anavyochagua tikiti maji sokoni, nikakunja uso, nikasema aiache. Kwa nini, sijui, labda kwa sababu kitu kilichoachwa hakimlaumu mtu. Baba akaniambia basi niitengeneze vizuri, kwa sababu wataibeba kwenye ngoma ya wazee siku ya harusi, na kaka yake akiiona imechakaa vile ilivyo, atakuwa hana la kusema, itakatwa.

Nikaibeba hadi chumbani kwangu nyuma ya nyumba nimeielekeza ukutani, ingawa nilijua haina risasi. Nilikuwa sijui nianzie wapi, ndipo nikakumbuka rungu langu. Rungu langu pale getini lilikuwa linang'aa mpaka meneja anaonyesha wageni, na dawa yake ilikuwa rangi ya viatu, unapaka, unaacha inyonye, unapaka tena. Nikatoa kopo langu la kahawia nikaanza kazi. Zuhura, dada yetu wa Mombasa anayepika pale, akapita na nguo za kuanika, akasimama.

"Kaka Wafula," akasema, "hiyo ni mbao ya marehemu, si kiatu. Muulize Baba kwanza."

Nikamwambia arudi kwa sufuria zake. Nikamaliza kopo lote, na kweli mbao ikawaka, zile nyufa zote zikajaa, hata Baba alipoiona chini ya taa akaguna kwa kuridhika, akaifunga kwenye blanketi.

Tukaondoka Jeddah mimi na yeye, bunduki iko kwenye buti la gari, na nadhani sijawahi kuendesha gari nikiwa nimenyooka mgongo namna ile. Kwenye kizuizi baada ya Taif askari wakataka kuona nyuma. Baba akashuka akaonyesha kibali chake, lakini yule kijana wa zamu akaniangalia mimi, akaangalia ikama yangu, ile kadi ya ukaazi, akaniangalia tena, nami nikawa nasali Baba Yetu kimoyomoyo na naisahau katikati naanza upya. Wakatuacha. Jua likawa linachoma lile buti njia nzima, na mimi kichwani mwangu nilifikiria magereza tu, sikufikiria kabisa kwamba rangi ya viatu huyeyuka.

Ngoma yenyewe ilichezwa alasiri, kwenye uwanja wa nyumba ya kukodi nje kidogo ya Riyadh. Wazee wakajipanga mstari, kanzu nyeupe pee, wengine na panga mkononi, na ile bunduki ikawa inapokezanwa, huyu anaiweka begani anacheza hatua zake, anampa mwenzake. Nilikuwa nimesimama na madereva wengine kando ya birika la kahawa, nimejaa fahari, hadi mzee wa kwanza alipogeuka nikaona doa la kahawia limemtoka begani mpaka kifuani. Nikaona na la wa pili. Wa tatu alikuwa amefuta jasho kwa mkono uleule, nusu ya ndevu zake nyeupe imekuwa rangi ya kiatu cha shule, naye hana habari, anaimba. Nilitaka kukimbia, lakini ningekimbilia wapi, pasipoti anayo Baba.

Bunduki ikafika kwa kaka mkubwa. Akaona mikono yake, akasimama, ngoma ikasimama naye. Akanusa kiganja chake kwa muda mrefu, akauliza nani ameipaka. Baba akanyoosha kidole, uwanja mzima ukanigeukia.

Nikajua likizo imekwenda. Lakini yule mzee macho yake yalikuwa na machozi. Akasema marehemu baba yao alikuwa akiipaka mafuta ya mkia wa kondoo, na hakuwa na kanzu hata moja isiyo na doa begani, mama yao aligomba mpaka akachoka. Akamwambia mdogo wake, "Haikatwi. Na huyu mtu anayejua bunduki, niachie mimi hapa Riyadh. Ninazo nyingine."

Akaniwekea ile bunduki mikononi akaniambia niifungue waone ndani. Ndugu zangu, nilikuwa sijui inafunguliwa wapi. Nikavuta huku, nikasukuma kule, nikaigeuza nichungulie chini, na nilipoinua macho mtutu ulikuwa umewaelekea wazee, na mstari mzima umeinama, mmoja amejificha nyuma ya birika la kahawa.

Nikaiweka chini. Sauti ilinitoka ndogo kama ya mtoto.

"Baba, sijui bunduki. Nililinda geti kwa rungu. Hii ndiyo ya kwanza kushika maishani."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote, na madereva wenzangu ndio waliocheka zaidi. Baba hakucheka. Aliifunga bunduki kwenye blanketi, tukarudi Jeddah.

Siku kadhaa zikapita sili vizuri. Zuhura akaacha hata kunitania, nikajua mambo ni mabaya. Kisha Baba akaniita tena sebuleni. Bunduki iko ukutani, imefutwa, inanuka mafuta, na pale kwenye zulia ilipokuwa imelala siku ile ipo pasipoti yangu. Sasa nyinyi mnajua, kafili akikutolea pasipoti ni likizo au ni halas, yaani basi, kazi imekwisha, rudi kwenu moja kwa moja. Sikuigusa.

"Ulinijibu kitu usichokijua," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Nami nilikuuliza wewe kwa sababu niliogopa kumwuliza kaka yangu." Akaisukuma pasipoti kwa vidole. "Nenda kamwone mtoto. Halafu urudi."

Nilimwona. Nekesa alilia aliponiona, akakimbilia nyuma ya mama yake, ikachukua siku nyingi kunizoea, ila Jumapili moja kabla ya kanisa akanijia mwenyewe, viatu mkono mmoja, kopo la rangi mkono mwingine, akauliza, "Baba, unajua kupaka?"

Nikalipokea kopo. Nikamwambia viatu najua. Viatu tu.