Mama Yangu, Injenyeri wa Ubelgiji

Leo kliyenti amenichezea sauti ya mama yangu mzazi, akaniambia ni ya injenyeri.

Mi fundi wa pikipiki hapa Bwiza, munanijua. Wiki mbili hizi naletewa karibirateri, yaani kabureta, zilizoziba. Sababu ni moja: mutu ametia naftalini ndani ya tanki, zile za kufukuza mende kabatini, ati esansi, petroli hiyo, idumu.

Ya kwanza ilitoka Gasenyi. Kisha Mutanga Nord.

Kila mumoja namuuliza, "Nani alikwambia?" Dada. Shemeji. Mwenzangu wa kwaya. Wote waliletewa WhatsApp na mutu wanayemupenda.

Nikaandika onyo refu, na picha juu. Hakuna aliyelisambaza.

Juzi nikamuomba mama arekodi yeye. Akasema tu, "Wanangu, naftalini ni ya kabati. Musitie kwa tanki, mutalia." Nikaituma WhatsApp bila jina.

Sasa leo mwalimu mumoja amekuja kubadilisha pine, tairi ya nyuma. Akafungua simu. "Sikiliza huyu mama, fundi. Ni injenyeri, yuko Ubelgiji. Nilikuwa natia naftalini, nimeacha."

Nikamwambia apana, huyo ni mama yangu, anauza maharage hapa nyuma.

Akanitazama kwa huruma. "Fundi, we unabishia kila kitu."

Nimekaa nawaza. Ukweli umemufikia kwa njia ileile uongo ulipitia, na mara zote mbili hakuuliza kitu.

Nikimushawishi kwamba ni mama wa maharage tu, si atarudia naftalini?

Nyinyi mungemwambia?