Ng'ombe wa Wajane wa Mabira

Kila asubuhi, kabla ya kukamua, Tumwine aliwasha nyasi kavu akakifukiza kibuyu cha maziwa mpaka kikanukia moshi. Ng'ombe hawakuwa wake. Walikuwa wa mfuko wa wajane wa kanisa pale Mabira. Waumini walichanga wakanunua mtamba mmoja, Bihogo, maana shilingi chunguni hazizai. Maziwa yakawa ya wajane, ndama wakawa akiba. Miaka ikapita, wakafika tisa, na mgongo wa Tumwine ukapinda kwa kuwafuata malishoni.

Mwaka mmoja wa vita, jua likakausha migomba na maziwa pia. Dafroza, mjane mwenye watoto watatu, akamjia na kikapu kitupu.

"Kaka Tumwine, uzeni hata mmoja tule."

"Mimi mchungaji tu, dada. Mwenye neno ni mzee Byarugaba."

Byarugaba, mwenyekiti wa mfuko, alikuwa anamsugua Bihogo mgongo Tumwine alipomfikia.

"Shikamoo, mzee. Wajane wana njaa. Abdulrahim mwenye duka anatoa mahindi akipewa ng'ombe."

"Marahaba. Ng'ombe yupi? Huyu ana mimba. Yule naye ana mimba. Mtu anauzaje ng'ombe mwenye mimba?"

"Bihogo je? Amezeeka."

"Bihogo! Mama yao wote! Mwuze mama yako kwanza," akasema Byarugaba, na wazee wenzake wa mfuko waliokaa kando wakacheka. "Wasubiri ndama."

Tumwine alirudi tena, na tena. Jibu lilikuwa lile lile, wasubiri ndama.

Kisha ndigana, ugonjwa wa kupe, ikaingia. Ng'ombe walivimba tezi, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Nyama ililiwa siku chache, njaa ikarudi palepale. Mtoto mdogo wa Dafroza akazikwa. Akabaki Bihogo peke yake.

"Sasa huyu ndiye akiba yote," Byarugaba akasema, macho mekundu kwa kulilia ng'ombe. "Haguswi kabisa."

"Sawa, mzee."

Kesho yake Tumwine alikifukiza kibuyu kama kawaida, ingawa hapakuwa na cha kukamua. Akamfungua Bihogo, akampeleka dukani.

"Wazee wamekubali?" Abdulrahim akauliza.

"Nimechoka kuwauliza."

Mchana magunia ya mahindi yalikuwa mlangoni kwa Dafroza, wajane wenzake wameshayazunguka na vikapu. Tumwine akakitundika kibuyu ukutani.

"Unakwenda wapi, kaka?" Dafroza akauliza.

"Gaweni vizuri," akasema. Akachukua fimbo yake, akashika njia ya kuvuka mpaka kuingia Uganda. Mabira hawakumwona tena.