Hodi Ukingoni mwa Korongo

Mimi nikishikwa na jambo, nyumba nzima huweza kulala na njaa. Jumapili ile, nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Area D, nilishikwa na swali alilokuja nalo mdogo wangu kutoka chuoni. Ikiwa ziko dunia nyingine zinazofanana na yetu, nasi tungekuwa na mashine ya kurudi nyuma katika wakati, je, ni halali kwenda kuwaepusha watu wa huko na mabaya yaliyotupata sisi?

“Halali? Ni lazima!” Nilipiga kelele mpaka maganda ya karanga yakaruka kwenye ungo. Mdogo wangu akabisha: nani ametutuma? Nikamwita mwoga. Mlenda ukaungua jikoni, nami sikujali, kwa furaha niliyokuwa nayo.

Mama, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka kijijini Kibakwe, aliacha kumenya karanga.

“Hiyo mashine ingefika siku ya korongo?”

Siku hiyo mimi na mdogo wangu tuliijua kwa kusimuliwa. Kaka yetu wa kwanza, ndiyo kwanza anaanza kutembea, alishikwa na homa. Zahanati ilikuwa ng’ambo, na korongo lilikuwa limejaa maji ya mvua. Kwetu maji mekundu hayavukwi. Unakaa ukingoni mpaka yapungue. Mama alikaa. Yalipopungua, mtoto alikuwa ameshakata roho mgongoni mwake.

“Ingefika, mama!” Nilisimama. “Tungemwambia yule mama wa huko avuke!”

“Avuke na wewe tumboni?”

Nikakaa. Miaka yote nimeisikia habari ile, sijawahi kujihesabu kuwa nami nilikuwepo. Maji yangeweza kutuchukua wote watatu.

“Basi tusiende,” alisema mdogo wangu.

“Wee! Mimi naenda,” mama akamkata kauli. Alikuwa anajifunga kanga upya, uso umemchangamka kama gari linamngoja nje. “Nitapiga hodi kwa mbali, asishtuke. Akinikaribisha ndipo nisogee.”

“Kisha umwambie nini?” nilimuuliza. Nilitamani kujua kuliko kitu chochote duniani.

“Avuke, asivuke, hilo simwambii. Nitakaa naye tu. Na nyinyi mje, wote wawili. Siku ile nilikaa peke yangu.”