Jirani wa Bibi Makaburini

Nikimwagilia mrehani wangu roshani, harufu ikishapanda tu, moyo unanienda mbio. Mtu mzima mie, nna watoto wangu, lakini mrehani uliorowa kwangu ni harufu ya makaburi ya nyuma ya Darsait, hapa Maskati, na ya Bibi yangu mzaa baba.

Kila Ijumaa baada ya alasiri Baba akitushusha langoni, mwenyewe akabaki garini na redio yake. Bibi alichukua mrehani na chupa ya maji. Mimi nilichukua hofu yangu. Makaburi yetu hayaandikwi majina: mwanamme mawe mawili, mwanamke matatu, basi. Lakini Bibi, kwa hadithi za wazee, aliwajua waliolala pale tangu karne ya kumi na tisa kama anavyowajua wa mtaani. Huyu alikuwa kadhi, mkali, hata mkewe akimkimbia. Yule tabibu, akiunga mifupa. Na pale ukutani Bi Zuweina, bibi wa bibi yake, mzaliwa wa Unguja, binti wa mashamba ya karafuu, aliyeolewa Maskati akaja na mpishi wake na mbuzi yake ya kukunia nazi. Mwaka wa njaa alilisha mtaa mzima.

"Mtolee salamu," Bibi akiniambia.

"Ataitikia?"

"Ataitikia, ila we hutomsikia."

Loo! Na nikimsikia je? Nilibana mdomo, wallahi, hata pumzi nikiogopa kuitoa.

Ijumaa moja Bibi alipiga magoti kumwagilia, kisha akapapasa mchanga mtupu ubavuni mwa Bi Zuweina. "Hapa pangu," akasema, na uso umemchanua. Akataka kuinuka, asiweze. Akajaribu tena, akarudi chini, akafumba macho. Nikamvuta mkono, wapi! Nikajua tu kashikwa kutoka chini. Nikapiga ukelele: "Asalaam alaykum, Bi Zuweina! Shikamoo! Niachie Bibi yangu! Niachie!"

Baba alikuja mbio, dishdasha kaipandisha magotini. Kumbe miguu tu ilimkaza Bibi yangu. Alicheka hadi machozi, na jioni ile ile mtaa mzima ukawa na habari. Mimi sikucheka. Nililala nimemshika nguo, na Ijumaa iliyofuata nililia nisipelekwe.

Nilikuja kufahamu ukubwani. Bibi alihamia huku kutoka Unguja mtu mzima, mama yake kamwacha kazikwa kule, na Kiarabu chake kikichekwa kila duka la Matrah, hata akawa hatoki peke yake. Mimi nilimwogopa Bi Zuweina asimchukue. Yeye aliogopa kulazwa pasipo na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili.

Makaburi yale yalijaa, yakafungwa. Alipofariki, wanaume walimpeleka mbali, kwenye makaburi mapya, kati ya watu tusiowajua. Sisi wanawake tulibaki nyumbani na kahawa yetu, wenzangu wakimsomea. Mimi nikimwaza Bibi yangu kule, peke yake, na Kiarabu chake kile.