Msimu Tuliokula kwa Wapinzani

Mwani ukianikwa juani hutoa harufu ambayo wageni huikunjia pua: harufu ya chumvi, ya jani lililolowa, na ya kitu kingine kinachofanana na kutu. Sisi tuliokulia Mlingotini hatukuikunjia pua. Kwetu ilikuwa harufu ya sare mpya za shule na viatu vya Idi, kwa kuwa vyote hivyo vilitoka kwenye kamba za mwani za mama zetu. Maji yakitoka walishuka kwenda kufunga na kuvuna, na yakianza kujaa walirudi na mitumbwi iliyosheheni, wakipiga makasia wenyewe huku wakitaniana kwa sauti zilizofika mpaka kwenye vibaraza vya nyumba. Hakuna mtu aliyekaa akawafundisha. Mikono yao ilipata nguvu kama mikono ya mtwangaji inavyopata nguvu, kwa kazi ya kila siku. Siku moja ya Idi vijana wa kijiji walishindana kwa mitumbwi, na mama yangu, Bi Zainabu, akaomba kwa mzaha wanawake nao wapewe zamu. Walipewa, wakawashinda vijana, na mzaha ukaishia hapo. Habari zikatembea pwani nzima, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wakialikwa kwenye mashindano huku na huko. Kikundi chao wakakiita Sisi kwa Sisi.

Mimi nilikuwa darasa la nne. Baba, ambaye alikuwa fundi wa mitumbwi na ndiye aliyewachongea makasia, alibaki nyumbani na kaka zangu. Mimi nilifuatana na mama kwa sababu nilikuwa binti yake wa pekee, naye hakupenda kuniacha nyuma. Tulisafiri nyuma ya lori, tumekalia magunia, makasia yamefungwa kwa kanga kuukuu yasigongane, na pembeni yangu daima alikuwa Shangazi Tatu, dada yake baba, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa na mikono mizito kuliko wote na hamu ya kula kuliko wote. Mitumbwi tuliikuta kwa wenyeji, ikapigiwa kura. Chakula hatukukikuta kwa mtu. Ilikuwa lazima tukitafute.

Safari ya kwanza ilikuwa Kunduchi, na huko tulikula tulichokutana nacho mwanzo: maandazi makubwa, mekundu, yaliyopangwa vizuri kwenye kabati la kioo karibu na mahali lori liliposimama. Mwuzaji aliita kila mpita njia kwa jina la ndugu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini njaa haikumbuki methali. Mashindano yalipoanza, Shangazi Tatu alikuwa akipiga kasia moja na mbweu moja, na wenzake wawili wameshika matumbo. Walikuwa wa mwisho. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeimba. Tulipokaribia Bagamoyo ndipo mama akasema, "Hatukushindwa kwa mikono. Tumeshindwa na mafuta ya juzi." Kuanzia siku ile akajipa kazi ambayo hakuna aliyempa. Kokote tulikofika, kabla hajaenda kuutazama mtumbwi, alikwenda kutafuta mahali pa kula.

Alinishika mkono tukazunguka. Nilijifunza mengi katika mizunguko ile, ingawa wakati huo niliona ni kutembea tu. Mama hakutazama kibao wala rangi ya ukuta. Aliangalia wachukuzi na madereva wamekaa wapi, kwa sababu mtu anayekula mahali kila siku hawezi kudanganywa kila siku. Aliagiza chai kwanza, akainywa polepole, macho yake yakiwa jikoni: kitambaa cha kufutia sufuria ni cheupe au cheusi, nazi inakunwa sasa hivi au imekunwa tangu asubuhi. Kisha alimsalimia mpishi kwa jina lake, maana alikuwa ameshamwuliza mtoto wa jirani. Kwa njia hiyo tulipata Mbweni maharage ya nazi mazito, yanayong'ang'ania chapati, na Saadani tukapata kamba wa ukwaju ambao Shangazi Tatu aliwaomboleza mwaka mzima. Huko Mbweni mama na wenzake walikuwa wa tatu. Huko Saadani wakawa wa pili. Watu wakaanza kusema kwamba wanawake wa mwani wana dawa. Mama alicheka. "Dawa yenyewe ni kifungua kinywa," alisema.

Mashindano ya mwisho wa msimu yalikuwa Kipumbwi, mbali kuliko kote tulikokwenda. Tulilala kwenye darasa la shule, juu ya mikeka yetu, na asubuhi mama akanishika mkono kama kawaida. Lakini kijiji kilijaa wageni, na migahawa ilikuwa miwili tu, yote imeshashikwa na vikundi vya wanaume. Katika ule wa pili, mwenye mgahawa, mzee mwenye kofia safi ya kiua, alitutazama kutoka kwenye kizingiti. Wenzetu walikuwa wameshatufuata nyuma, makasia mabegani.

"Wanawake subirini," alisema. "Wanaume wakishakula, kitakachobaki tutawapakulia."

Hakusema kwa ukali. Nafikiri ndiyo maana maneno yale yaliniingia zaidi. Aliyasema kama mtu anayeeleza kwamba jua huchomoza mashariki. Ndani, wanaume walikuwa wakila wali na samaki, na mmoja wao aligeuka akatutazama huku akitafuna. Shangazi Tatu alikwishaanza kutafuta benchi. Mama alibaki amesimama, kisha akavuta mtandio wake vizuri kichwani.

"Ahsante, baba," alisema. "Sisi hatukuja kula mabaki."

Akageuka, nasi tukageuka naye. Nilikuwa na njaa, na miguu ilikuwa imechoka. Mtembezi hula miguu yake, na mimi yangu nilikuwa nimeimaliza. Hata hivyo nakumbuka nilitembea nimeinua shingo. Nilijua mama yangu amefanya jambo kubwa, ijapokuwa nisingeweza kulieleza. Tuliacha barabara, tukapita kati ya minazi, tukasikia nazi inakunwa uani kwa mtu. Mama alisimama nje ya ua wa makuti akapiga hodi.

"Karibu," ilijibu sauti ya kizee.

Ndani tulimkuta bibi mwembamba amekalia mbuzi ya kukunia nazi, mihogo imemenywa kwenye beseni pembeni yake, jiko linaanza kushika moto. Tulimwamkia sote, "Shikamoo, bibi," naye akajibu marahaba ya kila mmoja, moja moja, bila haraka. Aliitwa Bibi Mwanaisha. Mama alimweleza kwa adabu kwamba sisi ni wageni, tunatafuta mahali pa kununua chakula kabla ya mashindano. Bibi aliyatazama makasia, kisha akaanza kucheka.

"Nyinyi ndio wale wa mwani? Basi mmeingia pabaya. Nahodha wa wanawake wa hapa ni binti yangu, Hadija. Chakula hiki nampikia yeye na wenzake."

Mama alirudi nyuma hatua. "Tusamehe, bibi. Hatukujua. Tusikutie matatani na mwanao."

"Kaeni," alisema Bibi Mwanaisha, na sasa hakuwa akicheka. "Mwanangu akiwashinda watu wenye njaa, nitamsifu kwa lipi?"

Wakakaa. Lakini hawakukaa bure: mmoja alichukua beseni, mwingine akaenda kuteka maji, na Shangazi Tatu akaichukua ile mbuzi akakuna nazi nyingine tatu bila kusimama. Mihogo ilipikwa kwa tui zito na chumvi kidogo, mpaka ikaanza kupasuka yenyewe. Changu wakakaangwa wakavunjika kwenye meno. Chai ilikuwa ya mchaichai uliochumwa pale pale uani. Nimekula hoteli kubwa tangu wakati huo, na sijapata kula mihogo kama ile.

Tulikuwa katikati ya sinia Hadija alipoingia. Alikuwa ametoka kufanya mazoezi, nguo zimelowa mpaka magotini, kasia mkononi, na nyuma yake wenzake watano. Alisimama mlangoni mwa ua akatuona: wapinzani wake, kwenye mkeka wa mama yake, wanakula chakula chake. Hakuna aliyetafuna. Mimi nilikuwa na kipande cha muhogo mdomoni na sikujua nikimeze au nikirudishe.

"Mama," alisema hatimaye, "na sisi tumebakiziwa?"

"Chungu kizima," alijibu Bibi. "Nawa mikono."

Akanawa, akaketi sinia moja na mama yangu. Walikula wakipimana mikono kwa macho. "Dada Zainabu," Hadija alisema baada ya muda, "kula taratibu, utauzamisha mtumbwi." Uani kote wakaangua kicheko, na kuanzia hapo ilikuwa kelele tupu.

Mashindano ya wanawake yalikuwa ya mwisho, maji yamejaa. Ilikuwa kwenda mpaka kwenye mti uliochomekwa baharini, kuuzunguka na kurudi. Nilisimama karibu na Bibi Mwanaisha, nikawa namwibia macho nijue atamshangilia nani. Mitumbwi miwili iliwaacha wengine mapema, wa Hadija na wetu, na waliporudi kutoka kwenye mti ilikuwa sambamba kama macho mawili ya uso mmoja. Bibi alipiga kelele, "Piga! Piga!" bila kutaja jina la mtu. Mimi nilitaja. Nilimwita mama mpaka sauti ikakauka. Nilimwona Shangazi Tatu amefumba macho, amekaza shingo, kasia lake likizama na kutoka, na mama nyuma kabisa akishikilia mwelekeo bila kupepesa. Pua ya mtumbwi wetu iligusa mchanga kwanza. Watu wengine walihitaji kuambiwa nani ameshinda. Mimi sikuhitaji.

Hadija alishuka majini akamfuata mama yake, anahema. "Umeona ulichokifanya, mama?"

"Nimeona," alisema Bibi. "Mmeshindana."

Yule mzee wa mgahawa naye alikuja, akampa mama mkono wa hongera, akasema sasa chakula kipo, tukaribie. "Ahsante, baba," mama alimjibu kwa heshima ile ile ya asubuhi. "Tumeshiba." Mwaka uliofuata Hadija na wenzake walikuja Mlingotini, wakalala kwetu, wakala pweza wa nazi aliyepikwa na mama kwa mkono wake, kisha wakatushinda kwetu, mchana kweupe. Mama alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, lakini alitabasamu.

Leo naishi Dar es Salaam, na mama amezeeka. Magoti hayamruhusu tena kushuka majini. Majuzi nilifuatana na binti wa kaka yangu na kikundi chake kwenda kushindana Pangani. Walisafiri kwa basi lenye kiyoyozi. Walikuwa na fulana za rangi moja, na simu iliyowaonyesha migahawa yote ya njiani pamoja na sifa zake, ingawa hawakuihitaji, kwa kuwa kila mmoja alipewa pilau yake kwenye boksi. Mashindano ya wanawake yalikuwa ya kwanza kutangazwa, na kombe lao lilikuwa sawa na la wanaume. Wasichana wale hawakushangaa hata kidogo. Niliwatazama wasivyoshangaa, nikajaa fahari, maana nilijua ni mikono ya nani iliyowafungulia njia ile. Walishinda, wakapanda basi, tukaondoka.

Jioni nilimpigia mama simu kumpa habari. Alimshukuru Mungu, kisha akauliza, "Wamekula kwa nani?"

Hakuuliza wamekula nini. Nikamwambia walikuwa na chakula chao, na kwamba hakuna aliyewaambia wasubiri.

"Hilo ni jema," alisema. "Hilo tulilitaka. Lakini waambie, mwakani wabishe hodi."